Mafuta ya Ndoo Nyeupe

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi shule, mchana kusahihisha, alasiri kumsaidia Mama kusukuma mahamri ya kuuza. Ndivyo Ramadhani yetu ya Mtongwe inavyokwenda. Mama hukaanga hadi karibu na adhana ya Magharibi, na haonji. Hata ncha ya ulimi hatii. Saumu yake, asema, aijua mwenyewe.

Baada ya tarawehe nimekula hamri lililopoa. Utando mzito ukaganda kwenye kaakaa, haukutoka mpaka nilipokunywa chai ya moto. Si mara ya kwanza wiki hii. Mama amebadilisha mafuta: yale ya zamani yamepanda bei, sasa anachukua ya ndoo nyeupe dukani kwa Faraj. Ndoo imeandikwa “mafuta safi ya mboga”, na chini yake neno “halali” kwa herufi za kijani.

Huenda ni kaakaa langu tu.

Sahani ya Mama Achieng nimeipeleka mimi. Ni jirani yetu wa mlango wa pili, Mkristo wa Siaya, huko bara, hukaanga samaki wa kuuza kando ya barabara. Kila Ramadhani Mama humpelekea futari, naye huirudisha sahani ikiwa na kitu, kama ilivyo desturi. Lakini daima ni kitu kibichi: ndizi, mayai, sukari. Chakula alichopika hajawahi kutuletea. Hakuna aliyemkataza. Ameelewa mwenyewe, nasi miaka yote tumemwacha aelewe hivyo.

Jumatano, 12 Machi

Nimepeleka kipande cha mafuta ya ndoo kwenye maabara ya shule. Nimekipasha ndani ya maji sambamba na mafuta ya mboga ya kawaida, yale ya mgando. Ya kawaida yakayeyuka mapema. Ya ndoo yakakaa imara kwa muda, kisha yakaachia harufu ya supu ya mifupa.

Huo si ushahidi kamili. Mafuta ya mboga nayo hugandishwa kiwandani hadi yawe magumu vilevile. Na pua ya mtu aliyefunga tangu alfajiri hunusa supu popote. Hata hivyo nashuku ni shahamu ya mnyama. Mnyama gani, na alichinjwa vipi, hakuna chombo katika maabara yetu cha kunijibu.

Nimemwambia Mama. “Niwate na kemia yako, mwanangu. Faraj twamjua tangu yu mtoto. Mimi ataniuzia haramu?”

Ameendelea kukanda. Nami nimeendelea kusukuma. Hilo linanisumbua kuliko mafuta yenyewe.

Ijumaa, 14 Machi

Jana nilimweleza Maalim Shee, imamu wa msikiti wetu, ninachoshuku. Nikamsihi asitaje duka wala mpishi mpaka niwe na hakika. Niliuona huo kuwa uadilifu. Usiku huu sina uhakika kama haukuwa woga, maana mpishi ni mama yangu.

Leo baada ya swala amesema kuna mafuta yenye shaka hapa mtaani, na kila mtu atazame anakula kwa nani. Akaishia hapo.

Jumamosi, 15 Machi

Nina hasira hadi mwandiko umeharibika.

Mtaa mzima umeamua ni Mama Achieng. Hakuna aliyeuliza. Hakuna aliyechungulia ndani ya karai lake. Mafuta yake ni ya alizeti, yamesimama kwenye chupa angavu mbele ya kila mteja. Lakini yeye ni Mkristo, ni mtu wa bara, kesi ikaisha. Jioni mtu alipita akamwagia mchanga ndani ya karai, samaki wakiwa humo.

Na kwetu je? Sinia limekwisha saa nzima kabla ya adhana. Bi Zuhura wa nyumba ya kona alisema, nami nipo: “Nipe kumi, Bi Rukia. Kwako hatuna wasiwasi. Si kama kwa yule na nguruwe wake.” Mama akafunga mahamri, akampa. Mimi nikanyamaza. Nilikuwa bado nangoja hakika yangu, kana kwamba hakika ndiyo iliyokuwa imemwagiwa mchanga.

Nimekwenda kumpa pole. “Mwalimu, nguruwe mimi natoa wapi? Bei yake unaijua? Ningeipata ningekula mwenyewe, singewauzia hawa!” Akacheka. Kisha akajifuta uso kwa leso, akarudi kusugua karai.

Jumapili, 16 Machi

Nimembana Faraj dukani kwake. Aliapa mara mbili, ya tatu akachoka.

Mafuta ya ng'ombe, ndivyo alivyoambiwa. Yaliletwa kwa meli yatengenezwe sabuni. Wakala mmoja akayapata kwa bei ya chini, akayatia kwenye ndoo, akabandika karatasi. Ng'ombe wa wapi, kachinjwa na nani, Faraj hakuuliza. Nikamwuliza kuhusu hilo neno la kijani. “Dada, karatasi hupigwa chapa popote. Mbona wakaza hivyo? Shehena nyingine imekwenda Ngazija, kule visiwani. Nchi nzima ile yala, na hujasikia mtu kafa.”

Siwezi kujua kama la Ngazija ni kweli. Lakini nawafikiria. Watu wa visiwa vidogo, karibu kila kitu chawajia kwa meli, nao husoma kilichoandikwa, wakaamini, wakapika. Kama sisi.

Nakubali huenda ng'ombe yule alikuwa halali. Nakubali mafuta hayo huenda yasimdhuru yeyote. Hasira yangu haipungui. Swali la nini kinaingia kinywani mwangu lilikuwa langu, na mtu akanijibia kwa uongo ili apate faida. Wakala huyo hajui hata jina la Mama Achieng. Mchanga umemwagwa kwa mama huyo.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda kuripoti ofisi ya afya. Wameniambia nilete risiti, na kwamba mwezi mtukufu si wakati wa kuzua fujo. Sijui wanadhani fujo imezuliwa na nani.

Nimerudi nikamweleza Mama yote. Hakubisha. Aliuzima moto.

Baada ya Alasiri akajitanda buibui, akabeba ndoo, akasimama nje ya msikiti watu wakitoka. Mama yangu, ambaye hajawahi kupaza sauti barabarani.

“Mafuta yenye shaka ni haya, na mimi ndiye niliyewakaangia. Sikujua. Sasa najua. Mama Achieng hana lake hapa. Aliyemmwagia mchanga akamtake radhi leo, kabla hajafuturu.”

Bi Zuhura akalalama: “Bi Rukia, mbona watuvunja nyoyo? Si ungenyamaza tu ukabadilisha mafuta?”

“Nyoyo zenu? Na moyo wake yule?”

Baadhi wamemsifu. Wengi wameondoka bila kumpa mkono. Aliyemwaga mchanga hajajitokeza.

Alhamisi, 20 Machi

Mama anakaangia alizeti. Wanunuzi ni wachache. Sinia limerudi ndani nusu. Faraj ameziondoa ndoo mbele ya duka. Zimekwenda wapi, sijui.

Kabla ya Magharibi Mama amenipa sahani ya Mama Achieng, mahamri juu, kawa limefunika. “Mwambie leo asinirudishie ndizi. Anirudishie alichopika.”

Nilimpa ujumbe huo. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo.

Sahani imerudi na samaki changu mzima aliyekaangwa, ndimu pembeni. Adhana ikalia. Mama akala tende, akanywa maji, akamega samaki kabla ya kitu kingine chochote.

“Chumvi imezidi,” akasema.

Akamega tena.