Uzio wa Danylo

Alhamisi, 10 Machi 2022

Tumeletewa makombora mawili ya kulipulia vifaru. Mawili tu, kijiji kizima. Yamekuja kwenye gari la mkate, chini ya magunia ya unga.

Mfyatuaji ni mimi – muuguzi wa zahanati! Panas alipigana vita ile ya mashariki mwa nchi akarudi na sikio moja, kwa hiyo yeye ndiye kamanda wetu. Amesema mkono wangu hautetemeki. "Ulyana, umekidunga sindano kijiji kizima. Na hicho kifaru kidunge." Nikamwambia wagonjwa wangu huwa hawarudishi risasi. Amecheka peke yake.

Mafunzo yalikuwa ya siku moja, kwenye ukumbi wa shule mjini. Weka begani. Kifuate kifaru kwenye darubini, taratibu, kombora lijue kinakwenda kasi gani. Bonyeza. Halafu kimbia, maana moshi unamwonyesha kila mtu ulipo. Wenzangu wote walitikisa vichwa kukubali. Mimi nilibaki na hilo la kukimbia. Goti langu la kushoto ni bovu.

Jumamosi, 12 Machi

Maadui wameingia kijiji cha ng'ambo ya msitu. Simu hazishiki tena. Mtaani hadithi ni moja, vifaru vilivyoungua kule barabara kuu, na kila msimuliaji anaongeza kimoja. Mama wa dukani ameniuliza kama ni kweli makombora haya hayakosi. Nimemwambia ni kweli. Sijui kwa nini.

Panas hazipendi hadithi hizo. Anasema kombora si uchawi. Linaua kifaru kilichokuja kijinga, bila askari wa miguu pembeni. Wakitembea watu kando yake, tutaonekana kabla hatujainua kitu. "Tuwaombee ujinga," amesema, na hakuwa anatania.

Mahali tumepata, ghala bovu la shamba la ushirika. Ukiwa dirishani unaiona barabara inapokata kona kuja darajani. Hapo lazima wapunguze mwendo. Ila kati ya dirisha na kona, juu ya kilima, yapo makaburi yetu.

Mama mkwe amekataa kuhamia kwenye handaki la chini ya kanisa na wenzake. Kisa kuku. Kila jioni anawafungia mwenyewe kwenye banda la mbao alilolijenga Danylo, anavuta komeo mara mbili, anawasemesha. Mume wangu huyo amekufa, vita imefika, na mamake anabembeleza jogoo kilema.

Jumapili, 13 Machi

Nimekaa pale dirishani na darubini ndipo nikakumbuka.

Kombora lina njia mbili, unachagua kwa kitufe. Njia ya kwanza, kitufe kikiwa chini, linakwenda moja kwa moja na kugonga kinachokuelekea. Pale kona watatuelekezea uso, na uso wa kifaru ndio penye chuma kinene. Huenda kisidhurike, kikageuza mzinga kututafuta. Njia ya pili, kitufe kikiwa juu, linapita juu ya kifaru na kulipuka kuelekea chini, kwenye paa, penye chuma chembamba. Hiyo ndiyo inayoua. Lakini linajua limefika kwa kuhisi chuma, na mwalimu alituonya kwamba chuma kingine kikikaa njiani linaweza kulipukia hapo.

Na kila kaburi letu lina uzio wake wa chuma!

Nimemweleza Panas. Amesema: "Kwa hiyo tutawalipua waliokwisha kufa."

Baada ya sala watu wamepanda kilimani na spana na misumeno. Uzio ule tunaupaka rangi ya bluu kila mwaka kabla ya Pasaka, ili siku ya kwenda kula chakula makaburini na wafu wetu tuwakute mahali pasafi. Leo tumeung'oa. Watu walifanya kazi bila kutazamana. Umebaki mmoja, wa Danylo, katikati kabisa ya njia ya kombora. Mama mkwe ameketi ndani yake, kwenye benchi, mikono mapajani.

"Mama, tunajaribu kukiokoa kijiji."

"Sijakuuliza. Mwanangu alinyang'anywa uhai mapema, leo mnamnyang'anya na uzio. Mbwa waje wamfukue?"

"Vifaru vitamfukua zaidi, Mama Motrya," Panas amemwambia.

"Wewe nyamaza, kiziwi."

Hatukuweza kumwinua kwa nguvu. Nani angethubutu?

Jumatatu, 14 Machi

Haongei nami. Ananipakulia viazi, anaweka sahani, anatoka. Na mimi nimekasirika. Uzio ule niliuchagua mimi. Mjane ni mimi! Nimemfuata hadi bandani nikamwambia hivyo, mbele ya kuku wake. Nikamwambia pia kwamba naogopa, kwamba nikikosa watatuua sisi kwanza, kisha watashuka kijijini.

Alasiri ameweka spana mezani. "Uchukueni. Lakini sitamwacha wazi."

Sikuuliza ana maana gani. Nilikimbia kumwita Panas asije akabadili mawazo. Tumeufungua, tumeuegemeza nyuma ya nyumba yetu. Kilima kimebaki na misalaba ya mbao tu. Nimelia kidogo, njiani, asinione.

Jumatano, 16 Machi

Tumo ghalani tangu alfajiri. Ukungu mzito. Naandika ili mkono utulie. Panas anatafuna tango la chumvi, kila mtafuno nausikia.

Injini, nyuma ya msitu. Zaidi ya moja.

Ukungu umeinuka. Kaburi la Danylo lina uzio! Palepale, urefu uleule, bluu mbichi inang'aa. Mama, umefanya nini? Nimetazama kwa darubini mpaka jicho likatoa machozi. Siwezi kujua ni chuma au ni nini. Kwenda kuugusa haiwezekani, uwanja uko wazi na droni inazunguka juu ya barabara.

Panas amesema nitumie njia ya moja kwa moja, nisicheze kamari. Nimemkumbusha tutakachokutana nacho, ule uso mnene. Amesema bora hivyo kuliko kulipukia kwa mume wangu. Amenena kweli. Nimeweka kitufe chini.

Wametokea. Kifaru cha kwanza kiko kwenye miti. Hakuna watu kando yake – Panas ameonyesha kidole, midomo inamcheza.

Kuna kitu chekundu kinatembea barabarani. Jogoo kilema. Nyuma yake kuku wetu, wote, wametapakaa mpaka mtaroni.

Nimemwambia Panas banda limevunjwa. Amesema ni mshtuko wa mabomu. Jana hakukuanguka bomu. Mama hajawahi kuwaacha kuku nje, hata siku tuliyomzika mwanawe alirudi kuwafungia. Amelibomoa, Panas. Uzio ule ni mbao za banda. Kombora halina habari na mbao.

"Una hakika?"

Sina. Chuma chenyewe tulikiacha nyuma ya nyumba, hatua chache tu kutoka kwake, na Mama ni mkaidi, huenda amekirudisha.

Kinapunguza mwendo. Panas anataka kuninyang'anya kalamu. Nimesogeza kitufe juu