Nilipima Ardhi Ikiwa Imelowa

Alhamisi, Kanamkemer. Hapa Lodwar manyunyu yamepita jioni hii, mchanga unanukia, na magoti hayajaniuma tangu asubuhi. Nina furaha, lakini kwanza nina jambo la kukiri.

Transfoma ya zahanati moja ya pembezoni mwa Kakuma iliungua mwaka jana kwa kosa langu.

Nieleze. Juu ya nguzo, kando ya transfoma, hufungwa kikinga radi. Radi ikipiga waya, umeme uliozidi hupitia hapo, ukashuka kwa waya wa athi, yaani wa kwenda ardhini, hadi kwenye chuma kilichozikwa, ukapotelea ardhini. Lakini ardhi kavu haipokei umeme vizuri. Ukikosa pa kupotelea, unarudi kwenye transfoma.

Chuma kile nilikizika mwenyewe kabla ya kustaafu ufundi umeme. Nikakipima siku moja baada ya mvua, kipimo kikasoma vizuri, nikatia sahihi, nikarudi zangu Lodwar. Nami nimezaliwa huku! Nilijua kwamba radi ya kwanza hutangulia mvua, ikapiga mchanga ukiwa bado mkavu kama unga.

Nilijua, na bado nilitia sahihi.

Mwaka jana ikapiga hivyo hivyo, transfoma ikaungua, friji ya chanjo ikapata joto. Akina mama waliotembea tangu alfajiri wakarudi na watoto wao bila kuchanjwa.

Mwezi uliopita niliwaendea waliorithi kazi yangu, nikawaambia ukweli. Tukazika vyuma vitatu virefu zaidi kwa ajili ya transfoma mpya, kisha tukachimba mfereji kutoka kibanda cha maji cha Mama Nyandeng, ili maji yanayomwagika kwenye mitungi yalowanishe pale kila siku. Tulipachagua mbali na foleni ya maji, tukapazungushia ua wa miiba, kwa maana radi ikishuka hapafai mtu kusimama.

Mama Nyandeng, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, alitucheka sana. "Mzee, unakunywesha chuma maji na mbuzi yangu iko na kiu?"

Nikamwambia mbuzi wake hajawahi kumeza radi.

"Basi ikunywe. Lakini transfoma ikiungua tena, wewe hapa hupati hata kikombe!"

Leo saa nane Nesi Akiru wa zahanati alinitumia ujumbe: ngurumo zimeanza, tone halijaanguka. Nilikaa na simu mkononi, chakula kikapoa.

Saa tisa akapiga simu, akanisalimu kwa Kiturkana. "Ejok, mzee! Imepiga laini yetu hapa karibu. Taa zilipepesa, zikarudi. Friji inanguruma kama ng'ombe ameshiba."

Nilicheka peke yangu kama mtoto.

Jioni msimamizi wa mafundi naye akapiga simu. Mvua imenyesha Kakuma yote, akasema, hivyo kesho twende tukapime, nitie sahihi pamoja naye, tumalize kazi.

Nimemwambia hapana. Ardhi imelowa. Kesho nitapumzisha magoti yangu, na mchanga ukikauka tutakwenda.