Kola Niliyoiacha Imekunjika

Muthoka, rafiki yangu,

Studio yako ya picha hapa Emali sasa ni duka la mbegu. Nikipita bado nageuza shingo, nikidhani utaniita, "Mwalimu, ingia nikunyooshe kola."

Nina jambo la kuungama. Siku ya mazishi yako, Ndunge alitafuta picha ya mumewe ya kuweka juu ya jeneza, akakosa. Wewe uliyepiga picha mji mzima hukuwa na yako hata moja. Mimi nilikuwa nayo, nikanyamaza.

Unaikumbuka. Ulikuwa ukimvalisha mteja lile koti lako la kuwaazima wateja, kamera ikiwa juu ya miguu yake mitatu, nami nikabonyeza kitufe bila kuangalia kasi iliyowekwa. Shata ilikaa wazi nusu sekunde. Mteja, uliyemwambia asipumue, alitoka kama nguzo. Wewe ulitoka kama ukungu, mkono ukimpangusa bega. Ulicheka. "Umenigeuza moshi, Mwalimu. Hiyo ni ya kutupa." Sikuitupa. Lakini ningempelekea mjane moshi?

Siku hizi, kila Jumamosi, nafundisha vijana wa sekondari kwa kamera uliyoniachia. Naeleza polepole, unavyonijua: tundu la lenzi ni dirisha, shata ni pazia lake. Ukifungua pazia kwa muda mfupi tu, hata kuku anayekimbia atasimama. Ukichelewa kulifunga, kinachotembea huacha njia yake kwenye filamu. Wiki iliyopita nilitoa picha yako kuwaonyesha kosa.

Mwende, msichana wa kidato cha pili, aliishika muda mrefu. "Si kosa, Mwalimu. Huyu mwingine amesimama tu. Huyu ndiye anafanya kazi."

Mimi, mwenye maelezo ya kila kitu, sikuwa nimeliona hilo.

Jioni hiyo nilimpelekea Ndunge picha hiyo. Aliufuata mkono wako kwa kidole. "Ni yeye," akasema. "Alitulia lini huyu?" Kisha akanikemea kwa kuificha, na alikuwa na haki.

Imetundikwa sebuleni kwako. Nakuahidi, kila kijana wangu atatenga picha moja ya filamu yake ampige mtu asiyetulia, akiwa kazini. Tutaanza na Ndunge, akipepeta mbaazi.

Pumzika, rafiki yangu. Asubuhi nikivaa, bado naiacha kola imekunjika upande mmoja.