Fundo la Baba Kwenye Steringi

Mwamkulu,
Mpanda.
6 Julai 2025

Mpendwa kaka Respicius,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia kukuandikia. Simu zangu hupokei, na kila nikishika kalamu nilikuwa naandika maneno ambayo dada hamwandikii kaka yake. Nachana, naenda kuanika mpunga. Leo nimetulia. Je, kile kifua kimepona huko Morogoro? Huku tu wazima. Mercy ameota meno mawili, hatulali, ila anakula vizuri.

Mama naye hajambo. Miguu bado inamvimba, lakini tangu ulete gari alikuwa hatembei tena kwenda kanisani. Mume wangu Amedeus alikuwa anamkalisha kiti cha mbele, naye anapungia watu mkono kama askofu. Kila mtu anaambiwa hili ni gari la Respi.

Sasa nisikilize. Siku ya Pentekoste, tukitoka Kabungu, steringi iligoma kwenye kona. Amedeus akaivuta kwa nguvu zote, tukaishia kwenye majaruba ya mpunga ya watu. Mama akacheka, akasema mkwe wake kumbe alitaka kulima. Mimi nilikuwa nimempakata Mercy. Sikucheka.

Tukamwita Polycarpe, yule fundi wa pikipiki aliyetoka Mishamo. Yeye na Amedeus wakaishusha reki ya steringi, kile chuma kirefu kinachogeuza matairi, wakailaza hapa uani juu ya turubai letu la mpunga. Kwenye ncha yake kuna mpira wa kukunjana wa kuzuia vumbi. Wetu ulikuwa umejaa kama kiwele. Sili za ndani, zile pete za mpira za kuzuia oili, zilishaoza zamani, oili yote inavujia humo, na mtu ameukaza ule mpira kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli ili oili isidondoke chini ikaonekana.

Polycarpe akaniambia, "Mama Mercy, aliyefunga hapa hakuwa na haraka."

Nikainama kutazama. Kaka, lile ni fundo la Baba. Ukanda unapita chini mara mbili, mkia unarudishwa juu, ili ufunguke kwa mkono mmoja. Alitufundisha sisi wawili tu, tukimsaidia kufunga magunia kwenye baiskeli. Nikalifungua kwa mkono mmoja. Nikasema nimechoka, nikaingia jikoni.

Ulituambia gari halijawahi kuguswa na fundi. Gari bovu si kosa, ungesema tu, tungetengeneza kwanza. Lakini ulijua, ukafunga vizuri, halafu ukamkabidhi Mama funguo, na unajua anakaa kiti gani. Hapo ndipo panaponiuma.

Mama sijamwambia. Anadhani tunasubiri oili tu, Jumapili anabaki nyumbani na rozari yake. Mimi sitamwambia. Utamwambia wewe.

Chuma chenyewe hakina mkwaruzo, Polycarpe amekisafisha, tumekifunga kwenye kanga. Sili tulizopata mjini zinapwaya.

Msalimie wifi Romana na watoto. Amedeus anakusalimu, hilo la fundo halijui. Mungu akulinde barabarani, akupe na usingizi.

Mimi dada yako, bado nakupenda,
Lusia

Vya kutuma kwa basi: sili za reki, seti nzima, ziwe mpya, namba ipo nyuma ya karatasi hii. Mipira ya kukunjana miwili, na vibano vyake vya chuma. Oili ya steringi lita moja. Barua ya Mama, kwa mwandiko wako. Ukanda wa tyubu usitume. Wako ninao.