Neno la Siri Uliloniambia Nisilisahihishe

Mpendwa Baba Chebet,

Kesho asubuhi fundi anakuja kutoka Kericho na flashi yake. Nimekaa kwenye kiti chako hapa dukani kwetu, saiba ya Sigor, najaribu kukueleza nilichokuwa nimepanga kufanya. Usinikasirikie kabla hujafika mwisho. Nilimwambia afute kompyuta zote sita na aweke Windows. Zote, pamoja na yako.

Unakumbuka siku tulipozifungua zile mashine kuukuu hapa sakafuni? Wewe ulizitoa Windows moja baada ya nyingine, ukaweka ule mfumo wako wa Linux. Nikakuuliza kwa nini watu wahangaike na kitu wasichokijua, eti kwa sababu ni cha bure. Ukanitazama kama nimeitukana familia yenu.

"Si pure tu, Mama Chebet. Iko wazi. Ukitaka kupatilisha kitu ndani, unapatilisha. Hakuna mtu wa kukuuliza."

"Na ikiharibika nampigia nani?"

"Unanipigia mimi."

Huo ndio ugomvi wetu wa miaka yote tisa, na kila mara uliishia hapo hapo. Maana ulikuwa umesimama mbele yangu, mzima, bisibisi mkononi. Walimu waliponung'unika kwamba barua zao zimebadilika sura, ulizinyoosha kwa dakika mbili. Printa ilipogoma, uliisemesha kwa Kipsigis ikakubali. Mimi nilipokea wateja na kusahihisha Kiswahili chao, kwa sababu hilo ndilo ninaloliweza. Baba yangu alitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kiwandani, nikalelewa kwenye nyumba za wafanyakazi wa majani chai, na mwalimu wangu wa Kiswahili hakusamehe hata nukta. Sijapona tangu hapo.

Ndiyo maana nilipiga kelele ulipoanza kuyaweka maneno ya kwenye skrini kwa Kiswahili chako mwenyewe. Uliniita nije nione. Kitufe cha kuzima mashine kilikuwa kimeandikwa "Funka".

"Funga, Baba Chebet. Fu-nga."

"Wewe sema shamba kwanza."

Nikasema samba. Nilijitahidi, wallahi, na ulimi wangu wa ziwani bado ukatoa samba. Ulicheka mpaka ukaketi chini kwenye zile waya. Halafu ukanisogezea kibodi ukasema iko wazi, kama neno halinipendezi nirekebishe mwenyewe. Sikurekebisha. Nilisema sina muda, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kugusa.

Kisha ukalazwa. Simu yako ya mwisho iliyokuwa na maana kwangu ulinipigia kutoka wodini, sauti imekwisha. Ulisema neno la siri la mashine yako ni tuka yetu, herufi ndogo, pila nafasi. "Andika vile nimesema. Usinisahihishe." Nikasema ndiyo, ndiyo, usijali, pumzika. Nikachukua kalamu na kuandika kiganjani: dukaletu. D, kwa sababu nakujua mdomo wako, d kwako hutoka t. Letu, kwa sababu duka ni letu, si yetu. Nilifanya hivyo hata bila kufikiri. Baada ya siku nne hukuwepo.

Wiki ya pili baada ya kukuzika, mvua ya mawe ilikata stima na mashine yako, ambayo sikuwa nimethubutu kuigusa, ikazimika. Ilipowaka ilidai neno la siri kabla ya kufungua chochote. Nikaandika dukaletu. Ikakataa. Nikajaribu kwa herufi kubwa, nikajaribu kuyatenganisha, nikajaribu jina la Chebet, jina la mama yako, hata jina la ng'ombe. Ndani mna kazi zote za watu: barua za walimu, vyeti vya kanisa, ratiba zote za mazishi tulizowahi kuchapa. Miezi mitatu nimepita mbele ya skrini hiyo nikikuchukia. Nisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa. Ulisema kitu chako kiko wazi, kisha ukaniacha nje ya mlango.

Zile tano zilibaki zinafanya kazi, na mimi nikabaki nazibahatisha. Mwezi uliopita familia moja ya Chepilat ilileta ratiba ya mazishi ya mzee wao, wameitengeneza kwingine, kwa Windows. Nilipoifungua kwetu picha ilisogea ikakaa juu ya jina. Kosa ni langu, sikukagua. Nilichapa zote, nikazikunja, nikawapa. Mjane alirudi baada ya mazishi, hakupaza sauti. Aliweka nakala moja mezani akasema, "Mama, hata jina?"

Wewe ungeiona kabla karatasi ya kwanza haijatoka. Siku iliyofuata nikampigia fundi, akanisikiliza, akasema, "Madam, weka Windows. Ikisumbua unanipigia." Nililia palepale na simu sikioni, maskini akadhani ni yeye amenikosea. Lilikuwa neno lako lile lile, ila huyu akipigiwa anapokea.

Jana Mama yako alipitia hapa akitoka sokoni. Aliniletea mursik, yale maziwa yenu ya kibuyuni, akaketi kwenye benchi la wateja, akavua viatu. Hajazoea kukaa humu bila wewe, nami sijazoea kumwona. Tulizungumza habari za majani na za Chebet shuleni. Kisha akatazama nje, wingu likiwa limeanza kujaa, akaniuliza:

"Mama Chebet, hii tuka yetu utafunka saa ngapi?"

Nikamjibu saa kumi na moja, Mama. Nilikuwa nimekwisha kumjibu ndipo nikasikia alichosema.

Niliiendea mashine yako, nikaandika nikiwa nimesimama tu. T, u, k, a. Mkono ulitaka kuandika letu, nikauzuia. Y, e, t, u. Ikafunguka.

"Ni nini?" Mama aliuliza, maana nilikuwa nimeshika mdomo.

"Ni yeye," nikasema. Akaja akasimama nyuma yangu. Hasomi vizuri bila miwani, nikamsomea.

Katikati ya skrini kulikuwa na hati moja, jina lake "Mama Chebet Asome". Uliandika: "Umekubali kuandika vibaya. Kongoi, asante sana. Sasa sikiza. Zile tano weka Windows. Ukikwama kuna watu wa kupigia. Mimi sitapatikana. Hii yangu fanya vile unaona."

Ningefurahi, kama nisingetazama tarehe. Uliiandika wiki mbili nzima kabla ya kuniambia kwamba tumbo linakusumbua. Ulikuwa unajua. Na katika wiki hizo mbili, nakumbuka vizuri, niligombana nawe hapa hapa juu ya Windows. Nilikuuliza tena nitampigia nani. Ukaniambia tena, kwa sauti ile ile ya ubishi, "Unanipigia mimi." Ulikuwa umekwisha kunikubalia kwa maandishi, na mdomoni ukaendelea kubisha ili nisishtuke. Nami nikakuita mkaidi, nikaenda kuinjika chai.

Hilo linanisumbua kuliko neno la siri. Ningejua, nisingekusahihisha chochote katika siku hizo. Ningekuacha useme tuka, useme pure, useme lolote.

Basi kesho fundi ataweka Windows kwenye zile tano, na ratiba za watu zitatoka na majina yao. Nimeamua, wala sioni aibu. Yako hataigusa. Nimetoa kazi za wateja, nimezihifadhi kwingine, lakini mashine itabaki hapa kwenye kona na Linux yake. Najua itaharibika siku moja. Siku hiyo sitakuwa na wa kumpigia, na nimekubali.

Leo mchana nilitafuta ulipoyaweka yale maneno ya skrini, na kweli palikuwa wazi, kama ulivyosema. Nikaifikia Funka. Nikafuta k, nikaweka g. Funga. Kiswahili safi kabisa, mwalimu wangu angenipa alama zote.

Kisha nikairudisha k mahali pake.

Saa kumi na moja imefika na Mama ananingoja nyumbani. Lala salama, Baba Chebet. Nafunka.

Mkeo wa samba,
Mama Chebet