Finjani ya Mwalimu Thuku

Malindi,
Aprili 1988

Ndugu yangu Dena,

Pokea salamu zangu nyingi, na natumai zitakukuta mzima huko Mtwapa, wewe na hiyo kazi yako mpya. Mimi mwili hauna neno. Mama alikuja juzi kutoka Matsangoni, akaniletea mihogo. Goti lake limepunguza kuuma, na anauliza mbona siku hizi hupiti kumwamkia. Nimemwambia una shughuli nyingi.

Mkahawa wetu uko palepale karibu na soko, mdogo vilevile: jiko, dele la kahawa la marehemu baba, na ule ubao wa dirishani ambapo wateja huegemeza viwiko wakanywa wima, maana benchi halingepata pa kukaa. Fundi Lewa, jirani yetu mshonaji, angali anakuja kila asubuhi kulalamika kwamba tangawizi imezidi, kisha anaomba aongezwe. Lakini utani umepungua, Dena, na nitakueleza kwa nini.

Unamkumbuka mwalimu Thuku. Mlikunywa pamoja ulipokuja ile Februari ya kupiga kura kwa kupanga mstari. Ulimsikia mwenyewe akisema mbele ya watu kwamba mstari mfupi ndio uliotangazwa mrefu, na kwamba mtu anayefundisha watoto hesabu hawezi kulinyamazia jambo kama hilo. Nilimkata jicho, asijali. Ulijua pia kwamba wazee wake wangekuja baada ya mavuno kuzungumza na wajomba zetu kuhusu mimi. Hukupendezwa. Ulisema mtu wa bara atanichukua anipeleke kwenye baridi, na mimi nikakucheka.

Ulipoondoka tu, akaanza kuja mteja mgeni. Suti ya Kaunda, viatu vinavyong'aa, Kiswahili cha bara. Alisimama pembeni mwa ubao bila kuzungumza na mtu, kahawa yake ikapoa mkononi. Anayeacha kahawa ipoe hakuja kunywa. Fundi Lewa akahamia kwenye mazungumzo ya mvua na bei ya vitambaa. Thuku peke yake hakubadilika. Nilimsihi apunguze sauti. Akasema hajaiba cha mtu. Niliogopa, Dena, hata kusikia gari likipiga breki kulinishtua.

Jumanne asubuhi, mgeni yule akiwa amesimama bega kwa bega na Thuku, niliona Landrova ikiegeshwa nyuma ya wauza nazi. Wakashuka wanaume watatu. Kusema neno nisingeweza. Nikafanya lile moja nililoweza: nikaichukua finjani ya Thuku nikaimiminia pomoni, hadi kahawa ikatapakaa ubaoni.

Wewe unajua maana yake. Baba alitufundisha sote wawili jikoni kwamba mgeni mpendwa humiminiwa nusu, ukamwongeza ingali moto. Ukimjazia, umemwambia anywe aende zake. Fundi Lewa alielewa papo hapo, akaweka finjani yake akaondoka, na wengine wakamfuata. Thuku wangu, ambaye kila siku hunitania kwamba watu wa pwani tunapima kahawa kama dawa ya kikohozi, alifurahi. Alisema leo hatimaye nimempimia kama mume. Akaishika kwa ncha za vidole asiimwage, akasimama pale akiipuliza. Sikuwahi kumweleza, kwa sababu sikuwahi kutaka aende.

Walimchukua akiwa nayo mkononi. Nimezunguka kila pahali pa kuulizia, naambiwa hawamjui.

Sasa lililonishikisha kalamu. Yule mgeni hakuondoka nao. Aliniambia kwa upole kwamba aliiona kahawa ikijazwa, kwamba maana yake anaijua, na kwamba kwa kumwonya Thuku ningeweza kupakiwa garini mimi pia. Nikamuuliza mtu wa bara kama yeye angejuaje. Akanijibu nimshukuru ndugu yangu wa Mtwapa: ndiye aliyemfundisha, na ndiye aliyewaomba mimi nisiguswe.

Sikulia mbele yake. Nililia baadaye nikitwanga kahawa, na sasa nalia tena. Mama sijamwambia, na Fundi Lewa nimemwacha aendelee kunipa salamu za kukuletea. Nimekukasirikia hata jina lako kuliandika hapo juu kumenipa kazi. Lakini kama uliomba kwa ajili yangu ukasikilizwa, basi wanakusikia. Rudi kwao ukaombe tena. Waambie hata mahari hajatoa, ni mwalimu tu mwenye domo, wamwachie.

Mama anakusalimu sana na anakuombea dua.

Ukija Malindi ukiwa na Thuku, nitawamiminia nusu nusu mpaka dele likauke. Ukija peke yako, ubao uko wazi, nawe hutakosa kahawa. Finjani yako nitaijaza.

Ni mimi dada yako,
Mbeyu