Siku Ulipoimba Majina Yetu Mikumi

Limi mwanangu mpendwa,

Mvua imenyesha Kilosa tangu alfajiri, watoto wamechelewa, nami nimebaki darasani na kinanda. Nimekukumbuka. Najua barua hii utasomewa, na pengine utainuka uende zako kabla haijafika katikati. Si kitu. Nitaandika tu.

Siku ya kwanza ulikuja na mama yako kutoka Ulaya, kile kijiji cha hapa hapa Kilosa. Alinipa shikamoo, nikaitika, kisha akanieleza kwa Kiswahili cha kutafuta maneno kwamba hospitali walisema una usonji. Masikio yako yalipimwa yakaonekana mazima, lakini hukuwa umewahi kumwita. "Ndugu zake wote waliniita," alisema. "Huyu bado." Wakati anasema hayo, wewe ulikuwa unapitisha kiganja ukutani, taratibu, mpaka ukalizunguka darasa zima la elimu maalumu. Akakuacha kwa shangazi yako pale Magomeni ya hapa Kilosa ili uwe karibu na shule.

Kila asubuhi tulianza na wimbo wa majina. Niliimba jina la kila mmoja, na aliyeitwa akajibu kwa namna aliyoiweza. Zuhura alitikisa kengele. Hamisi alipiga kofi. Baraka alicheka tu, na kicheko chake tulikipokea kuwa jibu. Nikifika kwako niliimba "Limi", nikasubiri. Ulitazama dirishani. Nikasubiri tena kidogo, kisha nikaendelea na wengine. Mwalimu mwenzangu alinishauri kwa nia njema nikuruke, maana hukuwa nasi. Sikukuruka.

Ngoma kubwa niliitoa darasani kwa sababu ilikufanya uzibe masikio. Nikakuchorea ukutani picha za somo letu, kuimba, kinanda, kupumzika, ili ujue kila mara kinachofuata. Ukaanza kukaa chini ya meza ya kinanda, umeushika mguu wake kwa mikono miwili, nami nikatambua kwamba muziki ulikuwa unakufikia kupitia mbao. Halafu siku moja ukaanza kuvuma, sauti moja nyembamba, ndefu. Sikujua unavuma nini. Baadaye kidogo ndipo nikasikia honi ya treni ikikaribia stesheni. Niliitafuta sauti ile kwenye kinanda. Ilikuwa sauti yako hasa, haikupanda wala haikushuka. Uliisikia treni kabla yetu sote. Nilisisimka mwili, Limi, nikaondoa vidole kwenye kinanda kama mtu aliyegusa kitu kisicho chake.

Mwisho wa muhula baba yako alikuja. Malisho yalikuwa yamekwisha, familia inahamia kusini na ng'ombe, naye alitaka kukuchukua. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akauliza, "Mwalimu, anajifunza, au anakaa tu?"

Sikuwa na kitu cha kumwonyesha. Nilimwomba akuache mpaka siku ya Mikumi, ambapo madarasa kama letu yangekutana kuimba mbele ya wazazi. Alikubali, nadhani kwa heshima tu.

Mikumi tuliingia ukumbini wazazi wamejaa kwenye mabenchi, malori yakinguruma nje kwenye barabara kuu. Kabla hatujafungua midomo, spika zikapiga mluzi mkali. Hamisi akaangua kilio. Baraka akakimbilia mlangoni, akadakwa. Wewe ukajitupa chini ya meza na kujikunja. Nilimwomba fundi azime kila kitu, akazima. Nikapiga magoti karibu yako nikitaka kuanzisha wimbo. Nikamwona baba yako anainuka kutoka kwenye benchi. Nikajua anakuja kukuchukua.

Ndipo ulipoimba, "Zuhura."

Zuhura akatikisa kengele. Ukaimba, "Hamisi," naye akapiga kofi machozi yakimtiririka. Ukaimba, "Baraka," akageuka pale mlangoni, akacheka. Uliwaita wote kwa mpangilio wa darasani kwetu, na baada ya kila jina ulisubiri vile vile nilivyokuwa nikisubiri mimi. Ukalifikia lako. "Limi." Ukasubiri. Kisha ukagonga mguu wa meza kwa kidole, ukajijibu.

Nilidhani umemaliza. Lakini ukaimba jina ambalo halikuwahi kuwamo katika wimbo wetu. "Mayu." Mama, kwa lugha ya nyumbani kwenu.

Mama yako alikuwa amekaa karibu na ukuta, kitenge mdomoni. Hakukukimbilia wala hakupiga kigelegele. Alikiteremsha kile kitenge, akaitika taratibu kwa sauti ile ile uliyomwitia. Baba yako akaketi sakafuni kando ya meza, hakukugusa. Baada ya muda aliniambia, "Kumbe siku zote yumo humu." Hakuhama mpaka tulipopata huko kusini shule yenye darasa la watoto kama wewe, nikazungumza na mwalimu wa huko kwa simu mara kadhaa, baba yako akisimama pembeni kusikiliza.

Nimefundisha muziki miaka mingi, lakini tangu siku ile naingia darasani kwa hadhari, kama mtu aingiaye msikitini au kanisani. Sasa nina mtoto mgeni, binti wa kutoka Vidunda, anayegeuza uso kila nikimwita. Sijui anasikia nini. Namwimbia jina lake, nasubiri, wala simruki.

Baba yako alinipigia Jumapili. Alisema shule unaipenda, na mama unamwita siku unazotaka mwenyewe. Kisha akakuwekea simu sikioni. Sikutaka kukuharakisha. Nilisikia pumzi yako, na nyuma yake ng'ombe wakirudi zizini. Tulikaa hivyo, wewe na mimi, hadi salio likaisha.

Ubaki salama, mwanangu. Wazazi wako nawasalimu sana.

Mwalimu wako,
Kilosa